Maswali ya Wasomaji: Wanaokula Sahani Moja, Porini na Shambani

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: viumbe wawili wakitegemea chakula kilekile, nani anamuumiza nani? Tumechagua chache na kuzifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa Simanjiro, nina ng'ombe 40. Kila mvua zikianza, pundamilia wanashuka kutoka Tarangire na kujaa kwenye malisho yetu. Wenzangu wanasema tuwafukuze kwa mbwa kabla hawajamaliza majani. Je, ni kweli wanatumalizia? (Mfugaji, Simanjiro)

JIBU: Kuwaona wanyama wawili kwenye uwanda mmoja, vichwa chini, hakutoshi kusema wanashindana. Ushindani unakuja pale ambapo jani analokula huyu lingeliwa na yule, na jani lenyewe halitoshi. Kwa hiyo kabla ya kumtazama pundamilia, tazama msimu.

Jambo hili limepimwa Laikipia, Kenya. Katika kituo cha utafiti cha Mpala kuna viwanja vya hekta 4 kila kimoja, vilivyozungushiwa uzio tangu 1995. Baadhi huingia ng'ombe peke yao, vingine ng'ombe pamoja na wanyamapori. Mwaka 2011 watafiti walitangaza matokeo ya kupima uzito wa ng'ombe katika viwanja hivyo. Kiangazi, ng'ombe waliolishwa pamoja na wanyamapori hawakuongezeka uzito sana kama waliokuwa peke yao. Wakati wa mvua mambo yaligeuka: waliochanganyika na wanyamapori ndio walionenepa zaidi.

Sababu iko mdomoni na tumboni. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Anazungusha ulimi, anakusanya fungu la majani na kulikata kwa kulivuta. Ni mcheuaji, na chakula hakiondoki kwenye tumbo la kwanza mpaka kisagike kuwa vipande vidogo. Ukimlisha mabua makavu, tumbo linajaa, mwendo wa chakula unapungua, naye anaacha kula hata kama malisho bado yapo. Majani yakishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini ghafi, hata vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kumeng'enya vinadhoofika. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, hukata bua kama mkasi, na chakula chake huchachukia kwenye utumbo wa nyuma. Hakifaidi chakula hicho kikamilifu kama ng'ombe, ila anakipitisha upesi, kwa hiyo anaishi kwa kula kingi kilicho duni. Wakati wa mvua anaondoa mabua ya msimu uliopita, na ng'ombe anayekuja nyuma yake anakuta majani mabichi yaliyo rahisi kufikia. Kiangazi hakuna machipukizi ya kufichuliwa. Kilichobaki ni mabua tu, na kila mdomo unaoongezeka unapunguza kiasi.

Wewe uko upande mzuri wa hesabu hiyo. Pundamilia wa Tarangire wanakuja Simanjiro wakati wa mvua na kurudi mtoni kiangazi kikikaza. Kuwafukuza Januari kwa mbwa ni kujichosha, na pengine unajinyima faida. Hatari yako ni wiki chache za mwisho wa mvua, majani yanapoacha kukua na wao hawajaondoka. Hapo ndipo wanaweza kuingia kwenye akiba yako ya kiangazi, iwe mnaiita alalili au, kwa Wasukuma, ngitili. Weka nguvu ya ulinzi hapo: funga akiba kabla mvua ya mwisho haijakatika ili majani yapate kukua mara moja zaidi, na walinzi wawe huko usiku, kwa sababu pundamilia hula usiku pia.

Ili usibishane na wenzako kwa kukisia, pima. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50. Tembea mstari ulionyooka ndani ya akiba, na kila baada ya hatua 50 weka fremu chini pale mguu ulipoishia. Usichague mahali kwa macho, maana macho hupenda penye majani mengi na hesabu yote itadanganya. Kata kwa mundu majani yanayolika yaliyo ndani ya fremu, ukiacha sentimita 3 juu ya ardhi. Fanya hivyo sehemu 10. Yaanike kwenye turubai siku mbili tatu, upime kwa mizani ya jikoni mpaka uzito usishuke tena. Ukipima majani mabichi utakuwa unapima maji: nyasi changa za mvua zinaweza kuwa na maji zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake.

Chukua wastani wa gramu kwa fremu, zidisha kwa 40, utapata kilo kwa hekta. Gramu 30 ni sawa na kilo 1,200 kwa hekta. Usihesabu zaidi ya nusu yake kuwa chakula. Nusu nyingine inakanyagwa, inaliwa na mchwa na panzi, na inalinda mizizi. Zinabaki kilo 600. Akiba ya hekta 30 ina basi kilo 18,000. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za majani makavu. Ng'ombe 40 hutumia kilo 250 kwa siku, na akiba inawatosha siku 72. Wakibaki pundamilia 30 humo ndani, mhesabu kila mmoja kama ng'ombe mmoja (huko ni kumpendelea, kwa uzito uleule yeye hula zaidi). Akiba itaisha siku ya 41. Tofauti ya mwezi mzima mwishoni mwa kiangazi inatosha kuua ndama.

Ukitaka kujua wageni wamekula kiasi gani hasa, jenga vizimba vitano vya miiba, mita moja kwa mita moja, kila kimoja pembeni ya kipande cha wazi chenye majani yanayofanana nacho. Baada ya mwezi kata ndani na nje, kausha, pima. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Hamisha vizimba kila mwezi, kwani majani yaliyozuiwa muda mrefu hukua kwa namna yake na hayafai tena kulinganishwa. Kujua nani alikula, tazama kinyesi: cha pundamilia ni vibonge vyenye umbo la figo vilivyojaa nyuzi ndefu, cha nyumbu ni punje ndogo laini. Huenda ukagundua kuwa mlaji mkuu wa akiba yako ni ng'ombe wa jirani.

SWALI: Hapa kwetu wazee wanahamisha ng'ombe kutoka kwenye uwanda wa majani mafupi nyumbu wakianza kuzaa, na kuyaacha majani mazuri kuliko yote. Vijana tunaona ni hasara. (Msomaji wa Terrat)

JIBU: Wasikilizeni wazee. Hapa tatizo haliko kwenye kiasi cha majani. Nyumbu hubeba kirusi maisha yake yote bila kuugua, na ndama wake wa miezi ya kwanza mitatu hukitoa kwa wingi kupitia kamasi na machozi. Ng'ombe akila majani au kunywa maji yaliyochafuliwa anapata homa kali, macho hufunikwa na ukungu mweupe, pua hutoa kamasi nzito, mdomo huota vidonda. Dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa kutokea, ndiyo maana mfugaji asiyejua hulaumu malisho mapya wakati kosa lilifanyika mwezi uliopita. Tiba hakuna, na karibu wote wanaougua hufa.

Mambo mawili yanasaidia. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo kumtenga hakuokoi kundi. Kinachookoa kundi ni kulitenga na uwanda wenye ndama wa nyumbu. Na kirusi kikiwa nje ya mwili hufa upesi kwenye jua kali na ukavu, ila hudumu kwenye umande na mawingu. Kama hamna pa kwenda, ingieni saa za jua na mkae mbali na vidimbwi wanavyotumia nyumbu. Huko ni kupunguza hatari tu.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, Karatu. Tulifundishwa kuwaambia wageni kwamba pundamilia hutangulia ili kumtengenezea nyumbu njia, na nyumbu humtengenezea swala tomi. Mgeni mmoja alinibishia. Nani yuko sahihi? (Mwongoza watalii)

JIBU: Nyote, nusu nusu. Mpangilio wenyewe upo: pundamilia mbele, nyumbu katikati, tomi nyuma. Mtafiti Richard Bell aliueleza mwaka 1971, akionyesha kwamba pundamilia hula mabua marefu, nyumbu majani, na tomi machipukizi na mimea midogo ya majani mapana. Kwa tomi maelezo hayo yanasimama imara. Samuel McNaughton alionyesha mwaka 1976 kwamba mahali nyumbu walipopita, majani yalichipua upya, na tomi mwezi mmoja hivi baadaye walikusanyika hapohapo na kuyaacha maeneo ambayo nyumbu hawakuyagusa. Tomi ana kilo 20 tu na mdomo mwembamba, anaokota jani moja moja. Majani marefu makavu kwake ni msitu.

Kwa pundamilia na nyumbu, habari ni nyingine. Utafiti uliochapishwa 2024, uliotumia kamera za kujipiga zenyewe, mikanda ya kufuatilia wanyama na vinasaba vya mimea kwenye kinyesi, ulionyesha kwamba pundamilia hatangulii kwa ukarimu. Anasukumwa. Nyumbu wako zaidi ya milioni moja na mdomo wao mpana hufyeka majani mpaka chini, na pundamilia akikaa kati yao hapati fungu. Anakwenda mbele kwa sababu yeye anamudu mabua ambayo nyumbu bado hayataki. Kwa hiyo waambie wageni: mbele kuna ushindani, nyuma kuna msaada, katika msafara huohuo mmoja.

Ongeza na hili kama wana muda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe wa jirani, wakapanda hadi karibu milioni 1.3 ifikapo 1977. Nyati nao waliongezeka. Pundamilia si mcheuaji, sotoka haikuwa ikimuua, na idadi yake ilibaki karibu na laki mbili kwa muda wote huo. Watu walitarajia ama aporomoke kwa njaa ama afaidike na nyumbu wengi. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa kiwango kikubwa.

SWALI: Mwalimu wetu wa baiolojia anasema spishi mbili haziwezi kuishi pamoja kwa chakula kimoja. Mbona porini wapo wengi? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora)

JIBU: Kanuni hiyo inatokana na majaribio ya Mrusi G. F. Gause, aliyoyachapisha mwaka 1934. Alifuga paramesia, vijidudu vya seli moja, kwenye mirija midogo yenye bakteria wa kula. Paramecium aurelia na Paramecium caudatum, kila aina peke yake, zilistawi. Zilipowekwa pamoja, caudatum ilitoweka. Wengi wanaishia hapo, nasi tunadhani ndipo wanapokosea, kwa sababu jaribio lake la pili lina uzito uleule. Aliweka caudatum na Paramecium bursaria, na zote mbili zikadumu: moja ilikula bakteria waliokuwa wakielea juu, nyingine ikala hamira iliyotuama chini. Mrija mmoja, chakula kimoja kwa mtazamaji, lakini meza mbili.

Kwa hiyo kila unaposikia "chakula kimoja" uliza: sehemu gani ya mmea au ya mzoga, urefu gani kutoka ardhini, saa ngapi, msimu gani. Mpala wamechunguza vinasaba kwenye kinyesi na kukuta kwamba hata pundamilia wa kawaida na pundamilia wa Grevy, wote walaji wa nyasi, hawali nyasi zilezile kwa uwiano uleule.

Kwa mtihani, tenganisha aina mbili za ushindani. Ipo ya kumaliziana, ambapo aliyewahi amekula na hakuna aliyemgusa mwenzake, na ipo ya kuzuiana, ambapo mmoja anamfukuza mwingine kwenye chakula. Na usitaje yangeyange na ng'ombe kama mfano wa ushindani, kosa tunaloliona mara nyingi. Yangeyange anakula panzi wanaorushwa na kwato, na ng'ombe hali panzi.

SWALI: Nina miembe 60 ya Apple na Kent, Mkuranga. Nimetundika mitego yenye dawa ya methili yujino. Inajaa inzi mpaka naona raha, lakini nikipasua maembe funza bado wapo. Dawa ni feki? (Mkulima)

JIBU: Huenda dawa ni nzima kabisa. Shida ni kwamba kwenye embe lako wanagombea wadudu zaidi ya mmoja, na mtego wako unamwita mmoja tu, tena dume peke yake.

Kabla ya 2003 funza wa embe ukanda huu alikuwa hasa mtoto wa inzi wa kienyeji, Ceratitis cosyra, mdogo wa rangi ya manjano. Mwaka huo aligunduliwa Kenya, na muda mfupi baadaye Tanzania, inzi mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, mwenye mgongo mweusi na mistari miwili ya manjano mabegani. Katika miaka michache alimsukuma mwenyeji nje ya mashamba mengi ya nyanda za chini. Ushindani wao ni wa aina zote mbili tulizomweleza mwanafunzi wa Tabora. Ndani ya embe, funza wa mgeni hutumia nyama ya tunda vizuri zaidi, na wa mwenyeji wanabaki wachache. Juu ya embe, mgeni ni mkali na humfukuza mwenzake asitage mayai.

Lakini mwenyeji hakuisha. Kule Benin imeonekana anatawala kipindi kikavu cha mwanzo wa msimu wa maembe, na mgeni anachukua nafasi mvua zikianza. Milima ya Uluguru nayo ina mgawanyo wake: mgeni yuko chini penye joto, na juu penye baridi, kwenye mapichisi, kuna inzi mwingine wa ukoo wa Ceratitis anayevumilia baridi. Methili yujino haiwaiti hawa wa Ceratitis. Ukiwapunguza madume wa mgeni pekee, unaweza kuwa unamfungulia mlango yule aliyekuwa amefukuzwa.

Fanya hivi. Kwanza jua ni nani: weka maembe 10 yaliyotobolewa kwenye ndoo yenye mchanga mkavu wa sentimita 5 chini, funika kwa chandarua, subiri wiki tatu. Funza watashuka mchangani, watageuka pupa, na inzi watatoka. Tazama migongo yao.

Pili, okota maembe yote yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, bila kuruka hata mti mmoja. Kazi hii inashinda dawa yoyote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Embe moja chini linaweza kutoa makumi ya inzi. Yafukie kwenye shimo la sentimita 50 kwenda chini na kushindilia udongo. Shimo la kina cha jembe moja halifai, inzi wachanga hupenya udongo laini na kutoka. Ukiwa na chandarua chenye matundu madogo sana, jenga hema dogo na uyatupe humo: inzi hawapiti, lakini nyigu wadogo wanaowaua funza wanapita na kurudi shambani kukufanyia kazi.

Tatu, tumia chambo cha protini chenye kiuadudu. Kinaita madume na majike wa aina zote, kwa sababu jike anahitaji protini ili atage. Nyunyiza mililita 50 hivi kwa mti, kwenye eneo la mita moja ya mraba, upande wa chini wa majani. Rudia kila wiki kuanzia wiki sita mpaka nane kabla ya kuvuna hadi embe la mwisho litoke. Mvua ikinyesha, rudia. Wengi huacha mavuno yanapoanza, na hapo ndipo maembe yanapoiva na inzi wanapotaga kwa wingi.

Mitego usiitoe. Itundike kivulini, isiguswe na majani, na upake grisi kwenye waya, maana majimoto hula inzi waliokufa na wewe utadhani mtego haukukamata kitu. Majimoto wenyewe usiwaue. Harufu yao kwenye tunda huwafukuza inzi majike, ingawa mchumaji atalalamika kwa kuumwa. Na kama jirani yako hana mtego wala haokoti, mitego yako ya pembezoni inaweza kuvuta inzi wake. Itundike katikati ya shamba, na mzungumze naye.

SWALI: Tumbusi wakiwa juu ya mzoga wanapigana sana. Kwa nini wasiishie kubaki aina moja yenye nguvu? (Mwalimu, Narok)

JIBU: Kwa sababu mzoga una sehemu nyingi na midomo yao imetofautiana. Yule mkubwa mwenye kichwa cha rangi ya waridi na mikunjo ya ngozi ana mdomo wa kuchana ngozi nene na kano. Tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wana shingo ndefu zisizo na manyoya mengi, huingiza kichwa ndani na kuvuta nyama laini. Wadogo huzunguka pembeni wakidonoa vilivyodondoka na mabaki mifupani. Mara nyingi wenye shingo ndefu hufika kwanza na kushindwa kupasua ngozi ya mnyama mkubwa, wakalazimika kumngoja mkubwa au fisi afungue.

Wawili hao wenye shingo ndefu ndio wanaolingana chakula hasa. Wanachotofautiana ni makazi: mgongo-mweupe hujenga kiota mtini, Rüppell kwenye majabali, na huruka mbali sana kutafuta mizoga. Tangu 2015 wote wawili wamo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Chanzo kikubwa ni sumu inayowekwa kwenye mzoga kulipiza kisasi kwa simba au fisi. Kwa kuwa wanaitana kwa macho wakiwa angani, mzoga mmoja unaweza kuua zaidi ya mia. Mkikuta mzoga wenye ndege waliokufa pembeni, msiuguse kwa mikono mitupu. Mtoeni mtu mmoja akae kuwafukuza ndege na wanyama, na wengine wakaite askari wa wanyamapori. Ushahidi ukishachukuliwa, mzoga uchomwe pamoja na ndege wote waliokufa.

SWALI: Nikichanganya ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe, nani atamnyima nani? (Msomaji, Isiolo)

JIBU: Kondoo na ng'ombe ndio wanaogongana, wote ni wa nyasi, na kondoo hukata chini zaidi. Uwanda ukibaki chini ya sentimita 5 ulimi wa ng'ombe haupati cha kuzungushia, na kondoo bado ananenepa. Ng'ombe watangulie, kondoo wafuate. Mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki mbali zaidi ya mita 2, ngamia hufika mita 3 na zaidi, kwa hiyo wanagawana mti mpaka kiangazi kikali, ngamia anaporudi kwenye vichaka vya chini. Hapo watenganishe.

SWALI: Baba zetu Musoma walikula ngege. Sasa sokoni ni sato na sangara. Na mimi nimechimba bwawa la mita 20 kwa 15, nikaweka sato 1,500. Miezi minane sasa, hawazidi kiganja. Je, ni mbegu mbaya? (Mfugaji samaki)

JIBU: Ngege kwanza. Uchunguzi wa ziwa wa 1927 hadi 1928 ulimkuta ndiye samaki mkuu wa biashara. Sato na sangara walipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Ngege hutegemea hasa miani inayoelea. Sato hula miani, wadudu, dagaa-kamba na hata samaki wadogo, na hugombea pia sehemu za kuzalia. Lakini tusimtwike sato mzigo wote: nyavu zilikuwa zimeshampunguza ngege kabla mgeni hajafika, na sangara alimalizia. Amebaki kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya. Aliyefaidika ni dagaa. Furu, samaki wadogo waliokuwa wakila naye vijidudu vya majini, waliposombwa na sangara, yeye akaongezeka.

Kwenye bwawa lako mshindani wa sato ni sato mwenyewe, na hakuna mpinzani mkali kuliko anayefanana nawe kwa kila kitu. Mita za mraba 300 zinabeba samaki 600 hadi 900. Uliweka 5 kwa mita. Zaidi ya hapo sato huanza kuzaa akiwa na miezi miwili mitatu, kila jike kwa mzunguko wa wiki chache. Ukivuta wavu leo utakuta humo maelfu ambao hukuwapanda, wote wanakula pumba yako.

Kausha bwawa, uza wanaouzika, toa vifaranga wote, na mwaga chokaa kwenye madimbwi yaliyobaki. Anza upya kwa vifaranga dume tupu 800 kutoka kituo cha kuzalisha kinachoaminika. Kwa kuwa majike wachache hawakosekani, baada ya miezi miwili ongeza kambare 50. Wawe wadogo kuliko sato, sato wakiwa gramu 20 na kambare gramu 5 hivi. Ukiwaweka wakubwa au mapema, watakula mtaji wenyewe badala ya watoto wake. Lisha chakula chenye protini asilimia 30, kuanzia asilimia 5 ya uzito wa samaki wote kwa siku na kushuka hadi 2 wanapokua. Ili kujua uzito huo, vua samaki 30 kila wiki mbili, uwapime pamoja, ugawanye, uzidishe kwa idadi iliyomo. Kipimo kikisimama mara mbili mfululizo, usiongeze chakula. Vuta wavu wa matundu madogo utazame kama kuna vifaranga.